Salensa, kipenyo cha bomba na mafuta: kumbukumbu ya Probox yangu, Nakuru

Mradi huu ulianza kwa sababu ya kutu. Salensa ya nyuma ya Probox yangu, yenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, ilikuwa imetoboka upande wa chini, mahali ambapo maji hutuama. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na gari la safari fupi za mjini, kutoka Section 58 hadi sokoni na kurudi, halipati moto wa kutosha kuyatoa yote yakiwa mvuke. Kwa kuwa salensa ilikuwa lazima ibadilishwe, niliamua kulipima dai ambalo gereji nyingi za hapa Nakuru hulisema kana kwamba lilikwisha kuthibitishwa zamani, yaani kwamba bomba pana na salensa nyepesi hupunguza ulaji wa mafuta. Fundi wa kuchomelea hakusita: "Mwalimu, weka inchi mbili na nusu, gari lipumue, utaona vile mafuta itakaa."

Februari: kupata msingi wa kulinganisha

Kulinganisha salensa mpya na iliyotoboka kusingekuwa haki, kwa hiyo nilifunga kwanza salensa ya muundo wa kiwandani, ile ya vyumba ambamo moshi huzungushwa na sauti yake kufifia, pamoja na bomba la kipenyo kilekile cha awali cha takriban milimita 42. Ulaji wa mafuta niliupima kwa njia ya kujaza tangi mpaka pampu ijikate, kwenda Naivasha na kurudi, takriban kilomita 140, kisha kujaza tena katika pampu ileile. Hesabu zangu zote ni za lita wala si za shilingi, maana bei ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hubadilika kila tarehe 15 na ingevuruga kila kitu. Matokeo yalikuwa kilomita 15 na ushei kwa lita.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Safari nzima hutumia lita 9 hivi, na pampu ikijikata mapema au ikichelewa kwa robo lita tu, hiyo ni karibu asilimia 3. Nilihitaji kipimo kingine kinachoangalia bomba lenyewe.

Fundi alichomelea nati ndogo kwenye bomba, nyuma ya katalitiki, yaani kifaa cha kusafisha moshi. Hapo nilifunga kijibomba cha shaba cha breki ili moshi upoe njiani, kisha nikauunganisha na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ulioinamishwa mfano wa herufi U na kupigiliwa kwenye ubao wenye futi ya fundi cherehani. Ndani yake nilitia maji yenye rangi ya keki. Tofauti ya kimo cha maji ya sentimita 10 kati ya pande mbili za mpira ni takriban kilopaskali 1 ya shinikizo. Mwanzoni maji yalirukaruka kwa kufuata mapigo ya injini na hayakusomeka, mpaka nilipoubana mpira kwa klipu ukabaki na tundu jembamba. Baada ya hapo yalitulia vizuri.

Mpwa wangu ndiye aliyesoma ubao nilipokuwa nikiendesha. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, maji yalisogea kidogo sana. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwenye barabara tambarare, tofauti ilikuwa sentimita 20 hivi. Katika mpando wa kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, nilipokanyaga mafuta hadi mwisho, maji yote yalirushwa nje yakamlowesha suruali. Kisa hicho kinaeleza jambo lenyewe kuliko maneno yangu: shinikizo la kurudi nyuma hukua takriban kwa mraba wa wingi wa moshi unaopita, kwa hiyo moshi ukiongezeka maradufu, shinikizo huwa mara nne. Salensa hubana kweli, lakini hubana pale injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo gari la mtu wa kawaida linapokaa kwa nadra.

Machi: inchi mbili

Inchi mbili na nusu niliikataa. Eneo la ndani hukua kwa mraba wa kipenyo, na bomba hilo lingekuwa na eneo zaidi ya maradufu ya lile la awali, hali ambayo ingeupunguzia moshi kasi bila faida kwa injini ya lita moja na nusu. Nilikubali inchi 2, ongezeko la karibu nusu ya eneo, pamoja na salensa ya kupitisha moshi moja kwa moja, yenye bomba la matundu lililozungukwa na sufi ya kioo.

Kwenye mwendo uleule wa kilomita 80, maji yalishuka kutoka sentimita 20 hadi 7. Tofauti hiyo ni kilopaskali 1.3. Katika mwendo huo, wastani wa shinikizo linalofanya kazi muhimu ndani ya silinda za gari langu ni karibu kilopaskali 250, kwa hivyo faida ni nusu asilimia, yaani mita 75 hivi za ziada kwa kila lita. Pampu ya petroli haiwezi kuiona.

Upande wa kuingiza hewa una hasara kubwa zaidi. Hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina shinikizo la takriban kilopaskali 81, na kilango cha hewa kikiwa kimefunguliwa kidogo tu, ndani ya manifoldi ya kuingiza hewa, yaani mabomba ya kuigawa kwa silinda, hubaki karibu 40. Kazi ya kunyonya hewa kupitia kilango hicho ni takriban mara thelathini ya ile niliyookoa kwa kupanua bomba. Tena moshi mdogo unaobaki ndani ya silinda hukilazimu kilango kifunguke zaidi kidogo, jambo linalopunguza hasara hiyo, hivyo kuutoa moshi wote wakati wa mwendo mwepesi si faida tupu.

Aprili: kilomita 13 kwa lita

Majuma machache baadaye ulaji ulipanda ghafla. Skana ilionyesha kwamba kompyuta ya gari inaongeza petroli kwa asilimia 11 kila wakati. Nilipuliza hewa kwa blowa kutoka mkia wa bomba na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yalitoka kwenye gasketi ya manifoldi ya kutoa moshi, mbele ya sensa ya oksijeni. Wakati wa kung'oa bomba la zamani, boliti zenye kutu zilikuwa zimevutwa kwa nguvu na kiungo hicho kikalegea. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, ufa huo hunyonya hewa ya nje. Sensa huona oksijeni nyingi na kudhani mchanganyiko una petroli haba, na kompyuta humwaga zaidi. Gasketi mpya ilirudisha nyongeza hiyo ya petroli hadi asilimia 2, na ulaji ukarudi kwenye 15.

Nadhani hapa ndipo zinapozaliwa hadithi nyingi za gereji, zote mbili: ya mtu aliyebadilisha bomba na mafuta yakapungua, kwa sababu fundi aliziba ufa wa zamani bila kujua, na ya yule ambaye bomba lilelile lilimfilisi.

Hali ya sasa

Salensa ya inchi 2 nimeishusha na kuiuza, kwa kuwa mngurumo wake kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika uliwachosha abiria, nami nilikuwa nakanyaga zaidi ili kuusikia. Ya kiwandani imerudi mahali pake. Nati ya kupimia nimeiziba kwa boliti, na ubao umehamia kwa jirani mwenye pikapu ya dizeli yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Huko natarajia tofauti kubwa zaidi, kwa sababu shinikizo la nyuma ya tabo hupunguza moja kwa moja nguvu inayoizungusha.