Roketi ya ami

Jamani ami yangu kaniharibia episodi. Mnajua nimeisubiri tangu mwaka jana, mnajua hata Naima hunicheka eti siku nikija kuposwa, ikiwa ile tamthilia ya Kiingereza ya Doctor Who inaanza, wageni watangoja barazani mpaka iishe. Sasa msimu mpya umefunguliwa, yule kijana wa duka la muvi kaniwekea kwenye flashi, nikapanga mambo yangu vizuri, nikitoka shifti nioge, nipitie viazi karai, nikae na tivii peke yangu. Peke yangu! Ndio ami naye akaja kuleta mchele wa arusi ya Zuhura, mvua ikamkuta hapa, mama akamwambia kaa bwana ipungue kwanza, akakaa. Kwenye kiti changu. Na viazi vikawa vyetu sote.

Episodi yenyewe ilianza vizuri mno. Kuna nesi wa London, Belinda, zamani akiwa msichana mpenzi wake alimpa cheti cha nyota, ile biashara ya kulipa pesa nyota ipewe jina lako (wanaastronomia wenyewe hawavitambui vyeti hivyo, majina rasmi ya nyota yana chama chao cha kimataifa, lakini nani atamwambia mtu aliyependa). Miaka inapita, usiku mmoja anavamiwa nyumbani na maroboti makubwa, yanamwambia wewe ndiye malkia wa nyota yako, twende. Yanambeba, yanamtia kwenye roketi, roketi hiyoo.

Hapo ami akanyanyua kichwa.

"Roketi haiondoki hivi."

Nikanyamaza, nikaongeza sauti kidogo kwa adabu.

"Moshi uko wapi?"

"Ami, hii ni hadithi tu."

"Hata hadithi huwa na moshi."

Sasa mimi nikachokoza, nikamwuliza kwani ami ushaona roketi wewe? Akasema ndio, San Marco, kile kituo cha zamani cha kurushia roketi huku kwetu. Nikamwuliza ikawaje. Akachukua kiazi, akakichovya kwenye ukwaju, akakigeuza upande wa pili akakichovya tena taratibu kama mtu asiyeulizwa kitu, akala, akafuta vidole kwenye gazeti.

"Ikaenda."

Basi. Hakusema zaidi. Mvua ikapungua akaaga akaenda zake, na mimi nikabaki nimekasirika kwelikweli maana katikati ya maneno yake ndio Belinda alikuwa anampasha yule Doctor, msafiri wa angani mwenye kipindi chake, kwamba umenipima DNA yangu bila kuniuliza, usinifanye mimi mmoja wa safari zako. Ilibidi nirudishe nyuma. Sisi manesi tunaojazishwa fomu za ridhaa mpaka kalamu inaisha wino, ile sini ilikuwa yetu! Na anachotaka dada wa watu ni kurudishwa tu nyumbani kwa sababu ana shifti. Ana shifti! Kaambiwa ni malkia wa sayari nzima, yeye anawaza shifti. Nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini.

Lakini lile "ikaenda" halikutoka. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, Naima kapata viza ya Qatar anaondoka mwisho wa mwezi, kazini tumeletewa matroni mpya, stima ndio usiseme, na mimi niko kwenye dripu ya mtu najisemea kimoyomoyo ikaenda. Kwa sauti yake ile ile. Wala hakuisema kwa majivuno wala kwa huzuni, kama unavyosema matatu ya Gongoni imeenda, ngoja nyingine. Mara nikadhani alikuwa ananidharau, kwamba mimi na muvi zangu za flashi sijui kitu. Mara nikaona la, pengine ndivyo ilivyokuwa.

Maana ukifikiri, sisi Malindi hapa San Marco tumeizoea mpaka hatuioni. Vile vyuma vya Waitaliano vimesimama baharini kule Ngomeni, watu wanapita na majahazi yao kuvua, basi. Kumbe pale ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksrei za angani. Mimi eksrei nazijua za kifua na za mguu wa bodaboda. Na ya mwisho kurushwa ilikuwa Machi 1988, baada ya hapo wamebaki na mitambo ya nchi kavu ya kufuatilia setilaiti, roketi hakuna tena.

Juzi usiku nikamwuliza mama. Alikuwa anachambua mbaazi, hakuangalia hata juu. Akasema amiyo alikuwa jikoni kule, kijana, hajaoa. Siku ya kurusha wapishi wote waliletwa pwani, wakasimama mchangani na watu wa Ngomeni, wakaona mara moja tu halafu macho yakawauma. "Ndio akaenda sokoni akanunua miwani meusi."

"Ya nini?"

"Ya kuangalia ile nyingine."

Mama akaendelea na mbaazi zake. Nikamwuliza miwani iko wapi, akasema atajua mwenyewe, mimi n'jue vitu vya watu?

Wallahi hasira yote ikaniishia. Tena nikajisikia vizuri kwa namna ambayo siwezi kuieleza, nikatoa simu usiku ule ule nikamwandikia ami, shikamoo, wiki hii kuna episodi ya pili karibu uje tuangalie, huyo Doctor wa msimu huu ni Ncuti Gatwa kazaliwa hapa Rwanda, na kipindi kilianza Novemba 1963, kimekuzidi umri kidogo tu. Nikaona tiki mbili. Zikawa buluu. Akaandika weee, akafuta, akaandika tena, nikajua sasa inakuja hadithi nzima ya San Marco.

"Kuna roketi?"

Nikamwambia sijui ami, lakini kuna viazi. Akasema atakuja.

Sasa kuna jambo jingine, naomba mnaomjua fundi yule wa karibu na soko la zamani mniambie kama mmemwona, kitambaa changu cha arusi anacho tangu kabla ya Idd, nimempa na pesa ya lesi, simu yake inaita haishikwi, na leo nimepita pale duka limefungwa, jirani yake ananiambia eti huenda kaenda Lamu.