Msaidizi anayeweza kukukatalia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Mwanzo 2:18, "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye."

Kuna kijana wetu hapa Moshi, bodaboda wa mkataba, juzi tunatoka kikao cha vijana akanionyesha simu, meseji zimejaa, umekula? umefika salama? pole na kazi mpenzi. Nikampa hongera ya mchumba kumbe anachat na programu ya akili mnemba. Akaniambia taratibu tu, mama, huyu hanuni, haombi hela ya kusuka, hanilinganishi na mtu. Nilimsikiliza sana maana upweke wa huyu mtoto ni wa kweli.

Kwa wenzetu yalishaanza. Japani mwaka 2018 mwanaume anaitwa Akihiko Kondo alifanya harusi na Hatsune Miku ambaye si mtu, ni mwimbaji wa kutengenezwa kwenye kompyuta, na huyu baba alikua ameonewa sana kazini huko nyuma mpaka akaugua sonona. Alikua anaongea na "mkewe" kupitia kifaa cha nyumbani, 2020 kampuni ikasitisha ile huduma, maongezi yakaishia hapo. Inaniuma kweli, ndoa ya mtu kuzimwa na kampuni!

Ila tusikimbilie kulaumu simu. Mungu alimpa Adamu mtu mwenye hiari yake, anayeweza kusema hapana, na sisi tumewalea vijana wetu watamani mke asiyesema hapana, sasa programu inawauzia kilekile tulichowafundisha. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe wazazi wakikubali, na 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba hiyo inakiuka Katiba. Mtoto wa miaka 15 atamkatalia nani?

Paulo kwenye 1 Wakorintho 7 anasema mume naye hana amri juu ya mwili wake, mkewe ndo anayo, na hata kunyimana anataka iwe "mmepatana". Kupatana ni watu wawili wanaongea, tena chumbani. Miaka inayokuja mabinti watazidi kua na hela zao, tayari pale soko la Mbuyuni kuna wamama wanasomesha na kulipa kodi ya nyumba, na mwanaume ambae hajazoea kukataliwa na kubembeleza ataona simu ni rahisi zaidi. Binti tunamfanyia kitchen party, mashangazi wanamfunda mpaka usiku, kijana wa kiume nani anakaa nae? Hakuna.

Kwa hiyo naomba wababa mliokaa kwenye ndoa miaka mingi, Jumamosi hii baada ya kwaya mbaki na vijana wa kiume, muwaambie bila kuficha mnavyonuniana na wake zenu na nani huwa anaanza kuongea.