Tindo yangu ya tatu

Tindo ya kwanza niliifua kwa kipande cha nondo. Nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, na somo la metali nilikuwa nimelifaulu kwa alama nisizostahili: mchoro wa chuma na kaboni niliukariri kama dua, nyuzijoto 727 na herufi zake za Kigiriki, basi.

Mzee mmoja mhunzi pale Gerezani, Dar es Salaam, aliniachia moto wake. Nikaipasha nondo hadi ikaiva nyekundu, nikaichovya majini, nikaenda kukatia kichwa cha bolti. Ncha ikajikunja kama ulimi. Mzee hakucheka. Aliipitisha tupa kwenye ile ncha, ikala chuma kama inakula sabuni.

"Kijana, hii haishiki maji. Kalete springi ya gari."

Nondo ya kawaida ina kaboni kama asilimia 0.2. Springi za majani huwa na 0.6 hivi. (Kiswahili kina neno la chuma chenye kaboni ya namna hii, pua, na mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua haihusiani na pua ya usoni.) Chuma kikiwa moto sana atomu zake hujipanga kwa namna iitwayo austenaiti, nayo humeza kaboni hadi asilimia 2 hivi. Kikipoa hurudi kuwa feraiti, isiyoweza kubeba hata 0.03. Kinachoshangaza ni kwamba atomu za austenaiti ndizo zilizobanana zaidi, ila kila upenyo uliobaki kati yao ni mkubwa zaidi. Ichukulie kama daladala. Ukikipoza polepole, kaboni inashuka kituoni na kujipanga pembeni. Ukikichovya ghafla, konda amefunga mlango: kaboni imenasa ndani, bodi imevimba, hakuna anayeweza kusogea. Hiyo ndiyo martensaiti, chuma kilichokuwa kigumu, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Nondo yangu haikuwa na abiria wa kutosha.

Nikarudi na springi. Mzee alikuwa na sumaku ya spika mbovu, ameifunga kwenye waya. "Ikikataa kushika, ngoja kidogo, ndiyo utoe." Kumbe chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770, na yeye alikuwa na kipimajoto cha bure miaka yote hiyo.

Alipoenda kuswali adhuhuri nikaona niharakishe. Oili chafu ilikuwa kwenye debe nyuma ya mivukuto. Mimi nikatumia ndoo ya maji iliyokuwa karibu. Nikasikia *ti!* ndogo tu. Pigo la kwanza la nyundo, ncha ikaruka ikapita jirani na sikio langu. Martensaiti inapozaliwa hutanuka. Nje ilishakuwa ngumu, ndani ikatanuka baadaye, ganda likapasuka. Chuma cha springi mara nyingi huwa na kromiamu, ambayo huchelewesha kaboni kushuka, kwa hiyo upole wa oili unatosha kabisa. Mzee aliporudi akatazama ufa, akatazama ndoo, akaniuliza kama nimekula.

Ya tatu tuliichovya kwenye oili. Kisha akanipa msasa niing'arishe ncha, akaiegemeza sehemu ya nyuma ya tindo juu ya pande la chuma lililoiva. Rangi zikaanza kutembea kuelekea nchani: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau. Zambarau ilipogusa makali, nyuzi kama 280, akaitumbukiza. Kule darasani hiyo ilikuwa mistari miwili tu: kupasha tena ili chuma kisivunjike kirahisi. Hakuna aliyetuambia kwamba inaonekana kwa macho.

Tindo hiyo ilinifaa miaka sita. Wiki iliyopita binamu yangu aliinoa kwa mashine bila kuichovya majini, akanirudishia ncha ikiwa buluu, yaani joto lilishapita zambarau na ugumu umepungua, naye anaringa jinsi inavyopendeza. Jumamosi naipeleka Gerezani.