Siku Tuliyobadilishana Magurudumu na Shemeji

Mwezi wa Julai mwaka 2014 shemeji yangu alipata barua ya uhamisho kwenda Maralal, na habari hiyo ilinifikia mimi kabla ya kumfikia mama yake, kwa sababu jambo la kwanza aliloliwazia lilikuwa tairi. Alikuwa na Suzuki DR-Z400SM, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya lami, yenye magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, ilhali barabara ya kutoka Rumuruti hadi Maralal wakati huo ilikuwa bado ya murram na mawe. Mimi nilikuwa na ndugu yake, DR-Z400S, yenye injini ile ile ya sentimita za ujazo 398, lakini gurudumu lake la mbele lilikuwa la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, na tairi zake zilikuwa na meno ya kuchimba matope. Kazi yote niliyoipa pikipiki hiyo ilikuwa kunitoa Ongata Rongai asubuhi na kunifikisha Industrial Area. Ukitutazama sote wawili, kila mmoja alikuwa amepanda pikipiki ya mwenzake.

Mke wangu aliuliza kwa nini tusibadilishane pikipiki nzima tukapumzika. Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba hati ya umiliki ya kaka yake ilikuwa imeshikwa na Sacco kama dhamana ya mkopo, kwa hiyo pikipiki isingeweza kuhama jina. Jibu la pili sikulitamka mbele yake: nilijua jinsi kaka yake alivyoikamua injini, na yangu nilikuwa nimeilea tangu siku niliyoinunua.

Tuliamua, basi, kubadilishana magurudumu tu, tukiamini kwamba ni kazi ya saa mbili. Jumamosi hiyo tulifika Kariobangi Light Industries mapema, kukiwa na baridi ile ya Julai inayokufanya ushike spana kwa mkono wa sweta, tukaziingiza pikipiki zote mbili katika kibanda cha mabati cha fundi mmoja mzee ambaye shemeji alimwamini. Fundi alizitazama, akatutazama sisi, akaendelea kunywa chai yake. Alipomaliza alifunga kamba nene kwenye boriti ya paa, akazining'iniza pikipiki zote mbili kwa mbele kama mbuzi wa sikukuu.

Shemeji, ambaye hakosi hadithi, alitumia muda huo kumweleza fundi asili ya pikipiki yake: kwamba mwaka 1979 huko Marekani televisheni ilianzisha mashindano ya kuchanganya lami, vumbi na kuruka ili kumpata mpandaji hodari kuliko wote, na kwamba waendeshaji walichukua pikipiki za matope wakazivalisha viatu vya lami. Fundi aliuliza kama viatu hivyo vilikuwa vya saizi moja na miguu. Tulicheka, lakini baada ya nusu saa tulikumbuka kwamba yeye hakuwa amecheka.

Ekseli ya mbele ndiyo iliyotukwamisha. Ya pikipiki yangu ilikuwa nyembamba, na ilipoingizwa katika gurudumu la shemeji ilicheza ndani ya beringi kama kijiti cha kiberiti ndani ya bomba. Shemeji alipendekeza tumtafute mtu wa mashine ya kukerezea, atuchongee busha za kujaza pengo hilo.

"Busha hata mimi naweza kuzipata hapo nyuma kabla ya saa sita," fundi alisema. "Lakini hii diski yako itabanwa na nini, kijana?"

Hapo ndipo nilipoziangalia pikipiki mbili kwa makini kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeziona pamoja mara nyingi. Diski ya breki ya mbele ya shemeji ilikuwa pana kuliko yangu, kwa hiyo kifaa cha kuibana kilikaa mahali pengine. Foko zenyewe, yaani miguu miwili ya mbele inayobeba gurudumu, zilikuwa za aina mbili tofauti: zangu zilikuwa na bomba nene chini na jembamba juu, za shemeji zilikuwa zimepinduliwa, nene juu na nyembamba chini, ili zisipinde mpandaji anapofunga breki kwa nguvu kwenye lami. Kumbe watengenezaji, walipoitoa SM, ile ya shemeji, mwaka 2005, miaka mitano baada ya S, ile yangu, hawakubadilisha gurudumu peke yake. Walikuwa wamebadilisha kila kitu kinacholigusa gurudumu, na kila kinachokigusa kitu hicho, hadi shingoni.

Shingo ndiyo iliyotuokoa. Fremu za pikipiki hizi ni jamaa wa karibu, na shina la usukani la moja huingia katika shingo ya nyingine. Fundi aliamua kwamba tusihamishe gurudumu, bali tuhamishe mbele yote: gurudumu, ekseli, foko, vishikio vyake vya juu na chini, na shina lenyewe. Breki alituzuia tusiifungue. Alisema tukiufungua mpira wa mafuta tutashinda tukitoa hewa, basi akafungua kishikio cha breki kwenye usukani na kukihamisha na kikopo chake, mpira wake na kibanio chake, vyote vikining'inia kama matumbo ya kuku, na hakuna tone lililomwagika. Kazi hiyo ningeilipia hata kama angekuwa hajafanya nyingine. Mita pia tulibadilishana, kwa kuwa husoma mzunguko wa gurudumu la mbele: tairi langu la inchi 21 husonga takriban mita 2.18 kwa kila mzunguko, na lile la shemeji mita 1.88 hivi.

Nati ya shingo ilikuwa na meno yanayohitaji spana maalumu ambayo fundi hakuwa nayo. Aliifungua kwa patasi butu na nyundo, akiigonga taratibu, sikio limeelekea chuma. Alipaka grisi mpya kwa kidole, akapitisha kidole hicho hicho ndani ya bakuli la beringi akitafuta mikwaruzo. Alipokaza upya alikaza kidogo, akauinua usukani, akauachia. Ukiganda katikati, umekaza mno; ukiporomoka na kugonga, umelegea. Wangu ulianguka upande mmoja polepole, ukatulia, na fundi akanawa mikono.

Nyuma hatukupata taabu nyingi. Gurudumu lilihama na ekseli yake na busha zake. Kilichonifurahisha ni hesabu ya sproketi, yaani duara la meno linalovutwa na cheni, ambayo hubaki imefungwa kwenye gurudumu: yangu ilikuwa na meno 44, ya shemeji 41, huku za mbele zote zikiwa na 15. Nilikuwa nikidhani meno machache ni kwa ajili ya mbio tu, lakini tairi lake la nyuma ni fupi kuliko langu kwa karibu asilimia saba, na meno matatu ni karibu asilimia saba hiyo hiyo, kwa hiyo injini haihisi kwamba imevuliwa kiatu kirefu ikavishwa kifupi. Kwa cheni ya saizi 520, hata hivyo, meno matatu yakipungua ekseli hulazimika kurudi nyuma milimita 12 hivi ili cheni ikaze. Kwangu nafasi ilitosha. Kwa shemeji, ambaye ekseli yake ililazimika kwenda mbele, cheni yake haikufika, tukabadilishana cheni pia.

Tulitoka Kariobangi taa za barabarani zikiwa zimewaka. Pale mzunguko wa Nyayo Stadium matatu moja iliingia mbele yangu bila taarifa, nikabana breki kwa mazoea ya diski yangu ndogo ya zamani, na pikipiki ikasimama ghafla hivi kwamba kifua changu kiliegemea usukani. Barabara ya Magadi niliipita kwa raha ambayo sikuwa nimeijua: pikipiki ilikuwa chini zaidi, na kona ilikuja yenyewe. Raha hiyo ilikoma mita mia mbili kabla ya lango langu, penye udongo mweusi wa Rongai, ambapo tairi pana lisilo na meno liliteleza kama sabuni, nikaisukuma hadi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu niliiegesha nje ya kibanda cha kahawa, nikashika kikombe, nikasikia kishindo. Ilikuwa imelala upande wa kulia, ncha ya kishikio cha breki imevunjika. Hapakuwa na upepo. Nilipoisimamisha niliona kwamba ilisimama wima kuliko inavyopaswa, kwa sababu ilikuwa imeshuka na stendi ya pembeni ilibaki ile ile ndefu ya S. Nilitoa simu nimpigie shemeji, lakini yeye alinitangulia.

"Shemeji," alisema kutoka Maralal, "hii pikipiki inalala kama mlevi. Natembea na jiwe bapa ndani ya begi, nikifika mahali naliweka chini ya stendi."

"Stendi," nikasema.

"Ndiyo. Stendi."

Tulikuwa tumehamisha foko, mita, breki na cheni, na kipande cha chuma kinachofungwa kwa bolti moja hakuna aliyekikumbuka, hata fundi. Siku iliyofuata niliifungua yangu, nikaivingirisha ndani ya gunia na kuipeleka kituo cha matatu za Nyahururu, ambako ingepokewa na kupelekwa mbele. Kijana wa vifurushi aliipima kwa mkono, akaniuliza ni nini.

"Stendi ya pikipiki."

"Na pikipiki yenyewe?"

"Imeegemea ukuta," nikamwambia, naye akaandika risiti.