Mistari ya njano kwenye mahindi yangu

Trekta langu hupata riziki zaidi barabarani kuliko shambani. Likimaliza kulima hapa Korogwe linavuta tela: mahindi, mchanga, matofali. Ndiyo maana matairi ya nyuma nilikuwa nayajaza upepo hadi 30 kwa kipimo cha PSI na kuyaacha hivyo mwaka mzima, nikiamini tairi gumu halichoki.

Masika moja mahindi yakatoka na mistari. Miwili miwili, ya njano, upana wa tairi, imenyooka hadi mwisho wa shamba, na maji yametuama humo siku ya tatu baada ya mvua. Nikadhani ni mbolea. Jirani yangu, mzee aliyeendesha matrekta ya mashamba ya mkonge tangu ujana wake, hata majani hakuyatazama. Aliomba nondo. Akaichomeka pale mahindi yalipostawi, ikazama kama mkono hadi kwenye kiwiko. Akaichomeka kwenye njano, ikagota shubiri moja tu. Tukang'oa shina: mizizi imeshuka kidogo, ikapinda na kutambaa kando kama iliyokuta sakafu.

"Hii si mbolea, mwanangu. Ni upepo wako."

Tairi lililojaa sana hukanyaga kwa sehemu ndogo, uzito wote ukabonyea hapo. Likipunguzwa, linalala kwa upana na kashata, yaani meno ya tairi, nyingi zaidi zinashika udongo.

Msimu uliofuata nikapunguza, lakini kwa pupa, hadi 10. Siku ya pili, plau likiwa ardhini, tairi likateleza kwenye ringi, likaiburuta tyubu na valvu ikakatika. Trekta lililala shambani. Tangu hapo nafuata jedwali la mtengenezaji, linalotaja upepo kwa kila uzito. Kwa matairi yangu na plau langu ni 16; ya kwako yanaweza kuwa tofauti, usichukue namba yangu. Napima asubuhi tairi likiwa bado la baridi, na nimepaka mstari wa rangi kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi. Mstari huo ukiachana, tairi limeteleza kwenye ringi, nasimama. Kabla ya kurudi barabarani na tela, najaza tena.

Kipimo kingine, cha kujua tairi linateleza kiasi gani udongoni, alinifundisha mzee huyohuyo. Weka alama ya chaki ubavuni mwa tairi, lima mizunguko kumi, pigilia vijiti mwanzo na mwisho. Rudia umbali uleule plau likiwa juu, uhesabu mizunguko. Mimi nilipata saba na nusu, yaani robo ya mizunguko ya tairi ilikuwa ya kuteleza bure. Kashata zilikuwa zimekwisha. Nilinunua matairi mapya kwa uchungu, na sasa napata tisa kasorobo hivi.

Ila upepo hauponyi kila kitu. Uzito wenyewe hushuka chini kabisa, mahali ambapo plau halifiki, kwa hiyo tela lililojaa haliingii tena shambani. Linasubiri barabarani, magunia tunayabeba. Na udongo wetu wa bondeni ukifinyangika mkononi hadi ukawa kamba, siingii. Masika iliyopita nilimwomba mteja anisubiri siku nne, akaenda kwa mwingine. Iliniuma, maana ada za shule zilikuwa zinanikabili.

Wiki iliyopita nimechomeka nondo kwenye ile mistari ya zamani. Imefika shubiri moja na nusu. Kiwiko bado.