Moshi wa bondeni unatufikia saa tatu

Kwetu ni juu Mabatini, Mwanza, kule kwenye mawe ambako bodaboda anakushusha katikati ya njia anakwambia bosi hapo malizia kwa mguu. Tulichokuwa tunajisifia ni hewa. Unakaa kibarazani upepo wa ziwa unakupiga, wa chini wanakula vumbi na moshi sisi tunawaangalia tu. Saa kumi na mbili asubuhi ukichungulia unauona kabisa moshi umelala bondeni kama shuka, mabati ndio yametokeza juu yake.

Sasa mwaka huu nikajifanya mjuaji nikaagiza vipimo viwili vya hewa, vile vya bei ya kawaida, ndani kuna kafeni kanavuta hewa na mwanga wa leza unahesabu chembe zinazopita. Vinapima PM2.5, yaani chembe za maikroni 2.5 kushuka chini, unywele wako mmoja ni mnene kama mara thelathini ya hapo, ndio maana pua haizizuii zinaenda moja kwa moja mapafuni. Kimoja nikafunga kwetu, kingine kwa dada yangu huko chini.

Nikiwa juu ya stuli nafunga, bibi jirani akasimama. "We mjukuu, hiyo kamera unamvizia nani?" Nikamwambia si kamera bibi, inapima moshi. "Moshi si unauona? Sasa unapima nini?"

Aisee sikuwa na jibu. Nililipata kama wiki ya tatu. Alfajiri cha dada kinapanda, chetu kimetulia, nikawa nampigia simu kumtania. Halafu ikigonga saa tatu cha kwake kinashuka na cha kwetu kinapanda, na saa hiyo huku juu chai ilishanyweka zamani, majiko yamezimwa. Karibu kila siku isiyo na mvua ni hivyo hivyo. Kumbe usiku ardhi inapoa, hewa ya baridi ni nzito inateremka inatuama bondeni, moshi wa majiko yote ya alfajiri unabanwa humo humo, jua likishapiga mabati hewa inapata joto inapanda na moshi unapanda nao unatupitia mlangoni, mpaka upepo wa ziwa uanze kuvuma ndio unausukuma. Kwa hiyo ule moshi tuliokuwa tunawacheka nao wenzetu ulikuwa njiani unakuja kwetu, ila ukifika umeshatawanyika huuoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2021 wanasema wastani wa siku nzima usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo ya hewa, mi saa tatu nasoma 60 na kitu na anga ni bluu. Najua saa moja sio siku nzima, lakini bado.

Ila hivi vidude navyo vina uongo wake. Kukiwa na ukungu vinahesabu matone ya maji kama vumbi, namba inaruka mpaka unataka kuhama mji. Nikitoka nikakuta mawe yamelowa siandiki kitu. Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama wingu la moshi, usiku mmoja walifuata taa ya kibarazani wakajaa kwenye kafeni, kesho yake nawatoa kwa mswaki.

Kuna jambo lingine la jikoni ambalo lilinitisha zaidi. Mama akiwasha mkaa kwa kipande cha nailoni namba inapaa hapo hapo, mkaa ukishakolea mwekundu inashuka, na mimi nikaanza kumwambia mama sasa hivi pasafi ingiza tu ndani. Makosa makubwa. Kipimo changu kinaona chembe tu, gesi hakiioni, na mkaa mwekundu usio na moshi ndio unatoa monoksaidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani wakikimbia baridi. Nilirudi kumwomba radhi, akasema yeye wala hakunisikiliza, jiko linabaki nje kama alivyofundishwa na mama yake.

Bibi naye siku hizi anapiga hodi na beseni la nguo mkononi. "Mjukuu, kamera inasemaje, nianike?" Namwambia bado bibi, subiri saa nne ipite.

"Basi nipe kiti."