Kikombe cha Jioni

Mtoto wa mdogo wangu aliniuliza juzi kwa nini baba yake hagusi maziwa, nami nikamjibu kwamba aliyanywa ya kutosha alipokuwa hospitalini. Yeye aliridhika, ila mimi nilirudi kwenye ile wodi ya majeraha ya moto, iliyopashwa joto hadi sisi tuliokuwa tukiuguza tukatokwa jasho, ili mwili uliopoteza ngozi usitumie nguvu zaidi kujipasha moto.

Ya ajali nayaruka. Alikuwa ameungua takriban asilimia 40 ya mwili, na alipoanza kupata nafuu tulidhani kilichobaki ni dawa na bandeji. Ndipo mtaalamu wa lishe alipokuja na karatasi yake, akaandika kilokalori 25 kwa kila kilo ya uzito, akajumlisha 40 kwa kila asilimia iliyoungua, na kwa kijana wa kilo 60 zikapatikana 3,100 kwa siku. Alitutahadharisha kwamba hesabu hiyo huweza kuzidi mahitaji, hivyo mizani ndiyo ingeamua. Protini alitaka zifike gramu 90 hadi 120, kwa sababu mtu aliyeungua kiasi hicho huwa kama anayekimbia hali amelala: moyo huenda mbio, misuli huyeyuka, na protini nyingine huvuja pamoja na majimaji ya vidonda.

Karatasini yote yalikuwa mepesi. Siku za kusafishwa vidonda kwa nusukaputi alizuiwa kula kwanza, kisha akarudi akiwa amelewa dawa za maumivu, ambazo zilimfungisha choo na kumwondolea hamu, na deni la chakula la mchana kutwa likasubiri jioni. Jioni moja ya namna hiyo nilimshikia kikombe cha maziwa yaliyoongezwa unga wa protini. Aliyatazama muda mrefu, midomo imekauka, mikono yote miwili ndani ya bandeji, asiweze hata kukisukuma kikombe, akageuza uso ukutani, akasema, "Dada, kunywa wewe, nami nitapona."

Muuguzi aliyekuwa akipita alisema kwa upole kwamba akishindwa atawekewa mrija. Mdogo wangu aligeuka, akanywa funda moja baada ya jingine huku macho yake hayabanduki usoni mwangu, na yalipofika nusu akatapika yote.

Mrija wa puani aliwekewa kesho yake, ukamlisha polepole usiku kucha, na mchana akawa anakula alichotaka kwa kiasi alichotaka. Akaanza kuomba mayai kwa hiari yake. Uzito uliendelea kupungua kwa muda, lakini si kwa kasi ile. Mtaalamu alisisitiza tangu mwanzo kwamba mrija si adhabu, nami naamini. Hata hivyo nakiri kwamba niliuonea wivu, kwa kuwa uliweza bila ugomvi jambo ambalo mkono wa dada yake haukuliweza. Pengine mgonjwa hulemewa zaidi na chakula kinapokuja na uso wa mtu anayehesabu mafunda, ingawa sijui nani mwingine angeyahesabu.

Mwaka jana nilimuuliza kama alinichukia siku zile. Alicheka, akasema alimchukia zaidi mtaalamu wa lishe, kisha akauliza habari za mvua.